Word, Excel na lango la ufikiaji salama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamlenga msimamizi wa mifumo ambaye SharePoint Server yake imekaa nyuma ya lango (seva inayowakagua watumiaji wa nje kabla ya kuwapitisha), na watumiaji wanataka kufungua nyaraka kwa Word, Excel na PowerPoint za kwenye kompyuta wakiwa nje ya ofisi. Mifano mingi inatumia Web Application Proxy ya Windows Server (hapa tutaiita WAP) ikishirikiana na AD FS, huduma ya Microsoft inayothibitisha watumiaji na kuwapa tokeni. Ukiwa na F5, NetScaler au lango jingine, majina ya vitufe yatabadilika lakini kinachopita kwenye waya ni kilekile. Popote palipoandikwa nyaraka.example.com, weka anwani yako.

Mtumiaji ameshaingia kupitia kivinjari. Kwa nini Word inamtaka aingie tena?

Kwa sababu Word haipokei faili kutoka kwa kivinjari. Mtu anapobofya waraka kwenye maktaba ya SharePoint, kivinjari kinaiita Word kwa kiungo cha namna hii:

ms-word:ofe|u|https://nyaraka.example.com/Shared%20Documents/bajeti.docx

Kazi ya kivinjari inaishia hapo. Word inaondoka yenyewe kwenda langoni, na inafika bila kidakuzi (cookie) chochote. Lango linamwona mgeni, linamzuia.

Enzi za Internet Explorer kulikuwa na njia ya mkato. IE na Office zote zilitumia ghala moja la vidakuzi la Windows, liitwalo WinINet, kwa hiyo kidakuzi cha kudumu kilichoandikwa na IE kilionekana na Word. Kidakuzi cha kipindi hakikuonekana, maana hicho hukaa kwenye kumbukumbu ya programu iliyokipokea na hufa nayo. Leo watu wanatumia Chrome, Firefox au Edge mpya, na kila kimoja kina ghala lake ambalo Word haiwezi kulisoma. Kwa hiyo usipoteze siku ukitafuta namna ya kuhamisha kipindi cha Chrome kwenda Word. Haipo. Word lazima iingie kwa miguu yake, na kinachobaki mikononi mwako ni kuhakikisha inaingia vizuri, na isiulizwe kila mara.

OFBA ni nini, na inafanyaje kazi?

Ni itifaki ya Microsoft inayoiwezesha programu ya Office kuingia kupitia ukurasa wa wavuti. Kirefu chake ni Office Forms Based Authentication, na jina lake rasmi kwenye nyaraka za Microsoft ni MS-OFBA. Ukiielewa hii, nusu ya maswali yaliyobaki utayajibu mwenyewe, kwa hiyo tuiangalie hatua kwa hatua.

Kwanza Word inatuma ombi la OPTIONS kwenye folda iliyo na waraka. Ndani ya ombi hilo kuna kichwa kinachosema "mimi najua kuingia kwa fomu":

X-FORMS_BASED_AUTH_ACCEPTED: t

Lango linaloijua itifaki halimrudishii Word ukurasa wa kuingia, wala halimhamishi kwa jibu la 302. Linajibu 403 na kuambatanisha vichwa hivi:

HTTP/1.1 403 Forbidden
X-FORMS_BASED_AUTH_REQUIRED: (anwani ya ukurasa wa kuingia)
X-FORMS_BASED_AUTH_RETURN_URL: (anwani ya kurudia baada ya kuingia)
X-FORMS_BASED_AUTH_DIALOG_SIZE: 800x600

Word ikiona vichwa hivyo inafungua dirisha dogo lenye kivinjari ndani yake, inakwenda kwenye anwani ya kwanza, na mtumiaji anaona ukurasa wa kuingia uleule anaouona siku zote. Akishamaliza, ukurasa unamhamishia kwenye anwani ya pili. Word inachungulia anwani tu: ikiona dirisha limefika pale palipotajwa kwenye RETURN_URL, inalifunga, inachukua vidakuzi vilivyopatikana humo na kurudia ombi lake la mwanzo. Safari hii inapita.

Zingatia mambo mawili. 403 hapa haimaanishi kukataliwa. Ndiyo jibu sahihi, na wasimamizi wengi wakiiona kwenye kumbukumbu za lango wanaanza kurekebisha ruhusa ambazo hazina kosa. Pili, anwani ya kurudia isipofikiwa kamili, dirisha halifungi hata kama mtu ameingia vizuri.

Nitajuaje kama lango letu linaijua OFBA?

Usisome kipeperushi cha muuzaji, liulize lango lenyewe. Kutoka kwenye mtandao wa nje, kwa mfano ukitumia data ya simu, piga amri hii:

curl -i -X OPTIONS -A "Microsoft Office Protocol Discovery" -H "X-FORMS_BASED_AUTH_ACCEPTED: t" "https://nyaraka.example.com/Shared%20Documents/"

Ukipata 403 yenye vichwa vya X-FORMS_BASED_AUTH, lango liko sawa. Ukipata 302 kwenda ukurasa wa kuingia, lango linamchukulia Word kama kivinjari, na matatizo yataanza. Ukipata 401 yenye WWW-Authenticate: Basic au Negotiate, mtumiaji ataona kisanduku cha kijivu cha Windows cha jina na nenosiri. Ukipata 200 bila kuingia popote, kuna aliyeruhusu OPTIONS ipite bila uthibitishaji: Word inaamini mlango uko wazi, kisha inagonga ukuta kwenye ombi linalofuata.

Tunatumia WAP. Tuipange vipi?

WAP inahitaji AD FS; bila hiyo haisakiniki kikamilifu. Tuchukulie SharePoint yako inatumia uthibitishaji wa Windows, hali iliyo ya kawaida zaidi. Mpangilio unakwenda hivi.

Kwenye AD FS, ongeza uhusiano wa programu isiyosoma madai (claims, taarifa za mtumiaji zinazobebwa na tokeni), yaani Non-Claims-Aware Relying Party Trust, na uupe jina utakalolitumia baadaye. Hakikisha pia kuna kanuni inayowaruhusu watumiaji unaowataka.

Kwenye Active Directory, sajili SPN (jina la huduma linalotumiwa na Kerberos, mfumo wa Windows wa kuthibitisha kwa tiketi) kwa akaunti inayoendesha tovuti ya SharePoint:

setspn -S HTTP/nyaraka.example.com EXAMPLE\svc-sharepoint

Tumia -S, siyo -A, kwa sababu -S hukagua kwanza kama SPN hiyo ina mwenyewe mwingine. SPN ikiwa kwenye akaunti mbili, Kerberos inakufa kabisa. Halafu fungua akaunti ya kompyuta ya WAP, kichupo cha Delegation, iruhusu huduma hiyo peke yake na uchague "Use any authentication protocol". Chaguo la "Use Kerberos only" halitafanya kazi hapa: mtumiaji ameingia kwa fomu, hana tiketi ya Kerberos, hivyo WAP lazima iombe tiketi kwa niaba yake. Ndiyo sababu seva ya WAP inabidi iwe imejiunga na kikoa, jambo ambalo watu wa usalama hawalipendi kwa seva iliyo mpakani, na mnapaswa kuelewana nao mapema.

Kisha chapisha. Kuanzia Windows Server 2016, dirisha la kuchapisha lina chaguo la "Web and MSOFBA". Kwa PowerShell ni:

Add-WebApplicationProxyApplication -Name "Nyaraka" -ExternalPreauthentication ADFSforBrowsersAndOffice -ADFSRelyingPartyName "Nyaraka" -ExternalUrl "https://nyaraka.example.com/" -BackendServerUrl "https://nyaraka.example.com/" -BackendServerAuthenticationSPN "HTTP/nyaraka.example.com" -ExternalCertificateThumbprint "ALAMA_YA_CHETI"

Anwani ya nje na ya ndani ni moja kwa makusudi. Sababu iko kwenye swali la viungo huko chini.

Kikikwama, fungua kumbukumbu ya Microsoft-Windows-WebApplicationProxy/Admin. Tukio namba 13019 linasema WAP imeshindwa kupata tiketi ya Kerberos kwa niaba ya mtumiaji: rudi kwenye SPN na ukaukague ukabidhi (Delegation). Tukio 13016 linasema hakuna UPN (jina la kuingia la mtumiaji) ndani ya tokeni, kwa hiyo WAP haijui imwombee nani tiketi. Na usisahau saa: Kerberos kwa kawaida inavumilia tofauti ya dakika 5 tu kati ya mashine, na seva ya mpakani ambayo haisomi saa kutoka kwa kikoa huteleza polepole hadi siku moja kila mtu anakataliwa bila mtu kugusa kitu.

Tuwashe kidakuzi cha kudumu?

Inategemea watu wako wanatumia kompyuta za nani.

Kidakuzi cha WAP kinaitwa EdgeAccessCookie, na usipogusa kitu kinakuwa cha kipindi. Maana yake ni kwamba mtumiaji akiingia ndani ya Word, kidakuzi kinabaki ndani ya Word. Akifungua Excel, anaulizwa tena. Akifungua PowerPoint, mara ya tatu. Akiifunga Word na kuifungua upya, wa nne huo. Simu za malalamiko utakazopokea nyingi zitakuwa za hili, siyo za hitilafu.

Kidakuzi cha kudumu kinaandikwa kwenye ghala la WinINet na programu zote za Office za mtumiaji huyo zinakiona. Anaingia mara moja. Amri ni hii, ambapo muda ni sekunde, na 28800 ni saa 8:

Set-WebApplicationProxyApplication -ID "KITAMBULISHO" -PersistentAccessCookieExpirationTimeSec 28800

Gharama yake ni kwamba kidakuzi kinabaki kwenye diski hata baada ya programu kufungwa. Kwenye kompyuta ya kazini iliyofungwa kwa BitLocker na yenye akaunti ya mtu mmoja, hilo linavumilika. Kwenye kompyuta ya maktaba, ya hoteli au ya mgahawa wa intaneti, anayekaa kiti hicho baada ya mtumiaji wako anaweza kufungua Word na kuzikuta nyaraka. Ushauri wetu ni huu: washa kidakuzi cha kudumu, kiwe cha siku moja ya kazi na si zaidi, na kwa kanuni za AD FS zuia programu za Office kwenye mashine zisizosajiliwa. Walio kwenye mashine za wengine wasome nyaraka ndani ya kivinjari.

Malango mengine yana kitu hichohicho. F5 APM ina kisanduku cha Persistent kwenye wasifu wa ufikiaji, na kidakuzi chake ni MRHSession. Microsoft Entra application proxy ina "Use Persistent Cookie", nayo kwa kawaida imezimwa.

Bado tuna mashine za IE, na kidakuzi cha kudumu kimewashwa, lakini Word haikioni. Kwa nini?

Sababu ni Protected Mode. IE ikifungua tovuti iliyo kwenye kundi la Internet, vidakuzi vinaandikwa kwenye ghala la pembeni lenye imani ndogo. Office haisomi huko. Weka anwani ya lango, na ya AD FS pia, kwenye Trusted sites. Kwa sera ya kikoa, ni Site to Zone Assignment List, thamani 2. Thamani 1 ni Intranet, na hiyo ina tabia zake nyingine za kutuma nenosiri la Windows kiotomatiki, kwa hiyo usiitumie kwa anwani ya nje.

Excel inafungua faili lakini inalalamika kwamba aina ya faili haiendani na jina lake. Ndani kuna maandishi ya ajabu.

Maandishi hayo ni ukurasa wa kuingia. Ukilifungua faili hilo kwa Notepad utaona limeanza na `<!DOCTYPE html>`, na chini kidogo fomu ya jina na nenosiri.

Hivi ndivyo inavyotokea: Excel iliomba bajeti.xlsx, lango likajibu 302 kwenda kwenye ukurasa wa kuingia, Excel ikafuata uhamisho huo kwa utii, ikapata jibu la 200 lenye HTML, ikalihifadhi kama bajeti.xlsx. Kwa upande wake kila kitu kimefanikiwa. Chanzo ni lango kutojibu 403 ya OFBA, ama kwa ombi la kwanza, ama, na hii ndiyo inayojificha, kwa ombi la GET linalokuja baada ya kipindi kuisha. Kuna malango yanayotambua OPTIONS peke yake na kusahau GET, HEAD na PROPFIND. Rudia jaribio la curl ukibadilisha njia ya HTTP, uone kama jibu linabadilika.

Mwambie mtumiaji asihifadhi faili hilo kwa jina lilelile.

Dirisha dogo linafunguka jeupe, au lina makosa ya skripti, au halifungi.

Hayo ni matatizo matatu tofauti.

Likiwa jeupe au lenye makosa ya skripti, tatizo ni ukurasa wako. Kwa miaka mingi dirisha hili limejengwa kwa injini ya Internet Explorer, na ukurasa wa kuingia uliorembwa kwa JavaScript ya kisasa unaanguka humo hata kama Chrome inauonyesha vizuri. Waliobadilisha mwonekano wa ukurasa wa AD FS kwa kuhariri onload.js ndio wanaolipata zaidi. Rudisha mandhari ya kawaida kwa muda, jaribu tena, halafu rudisha mabadiliko moja moja.

Likiwa limekatika, kitufe cha kuingia hakionekani, ongeza ukubwa kwenye DIALOG_SIZE kama lango lako linaruhusu.

Likiwa linaonyesha SharePoint nzima ndani yake na halifungi, mtumiaji ameingia lakini hakufika kwenye RETURN_URL. Angalia herufi za anwani: http badala ya https, jina la ndani badala ya la nje, au mahali ambapo SharePoint yenyewe inamhamisha kwenda ukurasa wa mbele. Fiddler, programu ya kunasa maombi ya HTTP, ukiwa umeiruhusu kufungua HTTPS, itakuonyesha uhamisho wote kwa mpangilio, na mara nyingi kosa linaonekana kwenye mstari wa mwisho kabisa.

Waraka umefunguka vizuri asubuhi, lakini mchana Word inakataa kuhifadhi.

Kipindi kimeisha waraka ukiwa wazi. Mtu anaandika kwa saa mbili, tatu, na kwa muda huo lango limemsahau. Toleo linaloijua OFBA likipata 403 tena litafungua dirisha dogo na kumwomba aingie. Asipoliona, labda limejificha nyuma ya madirisha mengine, Word inasema imeshindwa kupakia.

Linganisha saa zote za ukomo wa kipindi zilizopo. Tokeni ya AD FS kwa uhusiano mmoja ni dakika 60 usipobadilisha. Kwenye PowerShell inaonekana kama TokenLifetime 0, na wengi wanadhani 0 ni "bila kikomo". Kipindi cha kuingia cha AD FS yenyewe, SsoLifetime, ni dakika 480. Juu ya hapo kuna kikomo cha kutotumika cha lango. Ile fupi kuliko zote ndiyo inayotawala. Kuiongeza ile ya tokeni, kwa uhusiano unaosoma madai (amri hii haigusi uhusiano wa Non-Claims-Aware):

Set-AdfsRelyingPartyTrust -TargetName "JINA_LA_UHUSIANO" -TokenLifetime 480

Kuna chanzo kingine kwa wanaofanya kazi kwa mtandao wa simu: malango kadhaa yanafunga kipindi kwenye anwani ya IP ya mtumiaji. Mtu akitoka kwenye Wi-Fi ya ofisi akaunganisha hotspot, au mtandao wa simu ukimbadilishia IP katikati, kipindi kinakufa papo hapo. Kwenye F5 APM chaguo hilo ni "Restrict to Single Client IP". Kwa watu wanaohamahama kati ya faiba na data, lizime.

SharePoint yetu inatumia SAML (inasoma tokeni za AD FS yenyewe), na baada ya kupunguza muda watumiaji wanazungushwa bila mwisho.

Umeingia kwenye mtego wa LogonTokenCacheExpirationWindow. SharePoint huhesabu kipindi kuwa kimeisha dakika 10 kabla ya tokeni kuisha kweli. Ukiweka TokenLifetime ya dakika 10 au chini, tokeni inafika ikiwa tayari imekwisha: SharePoint inamrudisha mtu AD FS, AD FS inamjua na kumpa tokeni mpya, nayo imekwisha. Kwenye kivinjari utaona anwani ikipepesa. Ndani ya dirisha la Word utaona duara linazunguka tu.

Ama ongeza TokenLifetime, ama punguza dirisha hilo kwenye seva ya SharePoint:

$sts = Get-SPSecurityTokenServiceConfig
$sts.LogonTokenCacheExpirationWindow = (New-TimeSpan -Minutes 1)
$sts.Update()
iisreset

Mahali hapohapo pana UseSessionCookies. Ikiwa `$true`, kidakuzi cha SharePoint yenyewe, FedAuth, kinageuka cha kipindi, na unarudi kwenye hali ya kila programu ya Office kuulizwa kivyake. Kama lango lako lina kidakuzi cha kudumu lakini watu bado wanaulizwa mara mbilimbili, kagua hapo.

Kuunganisha maktaba kama diski ya mtandao je?

Epuka. Diski hiyo haiendeshwi na Office, inaendeshwa na huduma ya WebClient ya Windows, na WebClient haijui OFBA hata kidogo. Haina dirisha la kufungua. Inachoweza ni kutumia kidakuzi cha kudumu ilichokikuta WinINet. Isipokikuta, SharePoint inajibu 403 yenye kichwa X-MSDAVEXT_Error kinachoanza na namba 917656, kikimwambia mtu afungue tovuti kwanza kwa kivinjari na achague kuingia kiotomatiki. Ukiiona namba hiyo kwenye Fiddler, ujue kidakuzi hakikufika.

Kuna pia kikomo cha ukubwa: FileSizeLimitInBytes kwenye HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\WebClient\Parameters ni baiti 50,000,000, na faili kubwa zaidi ya hapo linakataliwa kwa ujumbe usiotaja ukubwa waziwazi. Unaweza kuiongeza. Lakini Microsoft ilitangaza Novemba 2023 kwamba WebClient imewekwa kwenye orodha ya vitu vinavyoachwa, kwa hiyo kujenga utaratibu mpya juu yake ni kujitafutia kazi ya mwaka ujao.

Viungo vinafunguka ndani ya ofisi, nje vinamwelekeza mtu kwenye jina la seva la ndani.

Anwani ya nje na ya ndani hazifanani, na SharePoint inaandika viungo kwa ile inayoijua. Malango mengi yanajaribu kutafsiri viungo ndani ya HTML, lakini Word haisomi HTML; anwani inazopokea ziko ndani ya majibu ya XML na kwenye waraka wenyewe, na huko lango haligusi.

Dawa ya kudumu ni jina moja kila mahali. Ndani, DNS ielekeze nyaraka.example.com kwenye SharePoint. Nje, ielekeze jina hilohilo kwenye lango. Jina hilo liwe kwenye Alternate Access Mappings (AAM, orodha ya anwani ambazo SharePoint inazijua) kama anwani ya umma ya Default. Na iwe https pande zote mbili. Ukikatisha TLS (usimbaji wa https) langoni na kuendelea kwa http ndani, utahitaji mpangilio wa ziada wa AAM, na kosa lolote humo hujitokeza kwanza kwenye Word kabla ya kivinjari.

Lango letu lina kichujio cha HTTP. Turuhusu nini?

GET, HEAD, POST na OPTIONS, pamoja na PROPFIND, PUT, LOCK na UNLOCK. LOCK ikizuiwa, waraka unafunguka kwa kusoma tu, na mtumiaji ataapa kwamba ruhusa zake zimebadilishwa. Kwa upande wa anwani, ruhusu kila kilicho chini ya /_vti_bin/, hasa /_vti_bin/cellstorage.svc/, maana huko ndiko uhariri wa pamoja unakopita kwa POST. Kikiwa kimefungwa, watu wawili hawataweza kuhariri waraka mmoja kwa wakati mmoja, ingawa mmoja mmoja anafanya kazi bila shida.

Si rahisi zaidi kutumia uthibitishaji wa Basic tu?

Rahisi kupanga, ndiyo. Lakini nenosiri linasafiri na kila ombi, uthibitishaji wa hatua mbili hauwezekani, na Microsoft 365 Apps za sasa zinazuia kisanduku cha Basic kisijitokeze mpaka uweke sera ya kuitaja seva husika. Tusingeanza mradi mpya hivyo.

Uthibitishaji wa hatua mbili unafanya kazi ndani ya dirisha la Word?

Unafanya kazi, na hiyo ndiyo faida kubwa ya OFBA: ukurasa ni wa wavuti, kwa hiyo msimbo wa SMS, programu ya simu na namba za kubadilika zote zinapita. Kinachokwama ni funguo za FIDO2 pale dirisha linapotumia injini ya IE, kwa sababu IE haikuwahi kuwa na WebAuthn. Wape watumiaji wa funguo hizo njia ya pili.

Mtumiaji ametoka kwenye Chrome. Je, Word nayo imetoka?

Hapana. Kidakuzi cha Word kiko kwenye ghala jingine, na kama ni cha kudumu kitaishi hadi muda wake uishe. Kukifuta kwenye mashine moja:

RunDll32.exe InetCpl.cpl,ClearMyTracksByProcess 2

Namba 2 inafuta vidakuzi peke yake. Funga programu zote za Office kwanza, maana iliyo wazi inaendelea kushika ilichonacho.

Na Outlook?

Outlook haihusiki na OFBA. Inazungumza na Exchange kwa MAPI juu ya HTTP, na kwenye WAP huchapishwa kwa kupitisha moja kwa moja bila uthibitishaji wa awali. Usiunganishe malalamiko ya Outlook na ya Word kwenye tiketi moja.

Bado tunatumia Forefront UAG. Inatosha?

UAG 2010, lango la zamani la Microsoft, iliongezewa uwezo wa OFBA, kwa hiyo kiufundi Word inaingia. Lakini msaada wa Microsoft kwa UAG ulikoma 14 Aprili 2020, na lango lisilopata marekebisho ya usalama halipaswi kuikabili intaneti. Hameni, na mkihama msibebe sheria za zamani za kutafsiri viungo.

Toleo gani la Office linahitajika?

OFBA imo ndani ya Office tangu 2010 bila kuongeza kitu. Office 2016 na 2019 nazo zilimaliza msaada 14 Oktoba 2025, ingawa zinaendelea kuingia kama kawaida. Mpangilio wa EnableADAL ambao mtaukuta umetajwa sana ni wa kuingia Microsoft 365 kwa Office 2013; haubadilishi chochote kwa SharePoint iliyo nyuma ya WAP.

Tuandae nini kabla ya kuomba msaada?

Rekodi ya Fiddler iliyoanza kabla ya kubofya waraka na kuishia baada ya kosa, ikichukuliwa kutoka mtandao wa nje. Majibu ya curl ya OPTIONS na GET. Toleo kamili la Office kutoka File kisha Account. Saa ya kosa kwa dakika, ili ilinganishwe na kumbukumbu za lango, za AD FS na za SharePoint. Kabla ya kutuma rekodi hiyo kwa yeyote, futa humo vidakuzi vya EdgeAccessCookie, MSISAuth na FedAuth pamoja na nenosiri lililoandikwa kwenye fomu: Fiddler inayanasa yote hayo yakiwa yanasomeka, na kidakuzi ambacho hakijaisha muda kinamwingiza anayekishika.